Shanti Swarup Bhatnagar na Tope Lililoganda Visimani Punjab

Haya, habari zenu huko nyumbani, Dar, Mombasa, Bujumbura na kwingineko! Jengo hili nyuma yangu ni University College London, mtaa wa Gower. Mwaka 1921 alihitimu hapa udaktari wa sayansi kijana wa Kihindi aitwaye Shanti Swarup Bhatnagar. Leo namzungumzia yeye na mafuta.

Alizaliwa Bhera, Punjab, tarehe 21 Februari 1894. Baba yake alifariki yeye akiwa na miezi minane, akalelewa na babu mzaa mama, mhandisi. Mwaka 1919 alisafiri akilenga Marekani, ila alipofika Uingereza meli zilikuwa zimejaa askari wa Kimarekani wanaorudi makwao baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Akabaki London kwa Profesa Frederick Donnan, akachunguza jinsi chumvi za asidi za mafuta zinavyoyeyuka ndani ya mafuta na kubadilisha mvutano wa uso wake, yaani nguvu inayoshikilia tabaka la juu la kimiminika. Hilo likumbukeni, maana ndilo lililomtoa baadaye.

Akafundisha Banaras, na mwaka 1924 akahamia Lahore. Huko wakamjia watu wa Attock Oil Company, waliokuwa wakichimba mafuta upande wa Rawalpindi. Shida yao ilikuwa tope: kila lilipogusa matabaka ya chumvi, liliganda.

Msidhani tope la kuchimbia ni uchafu. Ni maji yenye udongo laini. Siku hizi ni bentonaiti, kama kilo 60 hadi 70 kwa mita moja ya ujazo ya maji. Pampu hulisukuma ndani ya bomba mpaka kwenye kichwa cha kuchimbia, halafu linapanda kwa nje likibeba vipande vya mwamba. Hapohapo linapoza kichwa, linapaka ukuta wa shimo usimomonyoke, na uzito wake unazuia gesi isifumuke.

Vibamba vya udongo ule vina chaji hasi, kwa hiyo vinasukumana na kuelea mbalimbali. Chumvi ikiingia, ioni zake, yaani chembe ndogo zenye chaji, zinaififisha nguvu hiyo, vibamba vinashikana. Pampu inazidiwa, mzunguko unasimama, vipande vya mwamba vinatuama na bomba linanasa. Ukiongeza maji unalegeza kwa muda tu: tope linakuwa jepesi kupita kiasi, na chumvi bado imo.

Bhatnagar alitia gundi ya miti ya India. Gundi ya namna hiyo hujipaka juu ya vibamba na kuvitenganisha hata penye chumvi. Mnato ukashuka, tope likatulia. Yaani ni kemia ileile ya nyuso za vitu aliyoisomea hapa London.

Wachimba visima vya maji wa pwani, hili linawahusu. Korogeni bentonaiti kwanza kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, muiache saa kadhaa inywe maji. Ukiimwaga moja kwa moja kwenye maji ya chumvi haivimbi vizuri, na utamaliza magunia bure. Pimeni uzito wa mtiririko kwa faneli ya Marsh, faneli maalumu ambayo tope zito hukawia kutoka: mililita 946 za maji matupu hutoka kwa sekunde 26. Sekunde za tope lenu zikipanda ghafla na hamjaongeza udongo, shukuni chumvi au saruji.

Kampuni ilifurahi ikatoa rupia 150,000 za utafiti wa mafuta. Bhatnagar alizipitisha chuoni, hakutia mfukoni. Ndizo zilizoanzisha idara ya utafiti wa petroli Lahore. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa cheo cha Sir alichopewa mwaka 1941.

Idara hiyo ilishughulikia pia kuondoa harufu kwenye nta na kurefusha mwali wa mafuta ya taa. Wenye chemli mnajua: ukipandisha utambi, kioo kinajaa masizi. Sababu ni aromatiki, kemikali zilizomo ndani ya mafuta, zenye kaboni nyingi na haidrojeni kidogo. Maabara hupandisha utambi wa taa maalumu mpaka mwali utoe moshi, huushusha hadi moshi ukome, kisha husoma urefu wa mwali kwa milimita: ukiwa mrefu bila moshi, mafuta ni safi. Mafuta ya ndege, Jet A-1, yanatakiwa yafike milimita 25, au 18 iwapo naftalini zake, aina mojawapo ya aromatiki, ni chache.

Mwaka 1942 lilianzishwa baraza la India la utafiti wa sayansi na viwanda, CSIR, yeye akiliongoza. Mojawapo ya maabara zake ilikuwa taasisi ya utafiti wa nishati karibu na Dhanbad, kwenye migodi ya makaa, iliyofunguliwa Aprili 1950. Mahali palichaguliwa vizuri: makaa ya India yana majivu mengi yaliyochanganyika ndani kwa ndani, kuyaosha ni kazi, na huwezi kuyasomea ukiwa mbali na mgodi.

Alishiriki pia mazungumzo na kampuni za kigeni ili zijenge viwanda vya kusafishia mafuta. Cha Stanvac kilianza Trombay, Bombay, mwaka 1954. Cha Burmah-Shell kilifuata hapohapo mwaka 1955, na cha Caltex kule Visakhapatnam mwaka 1957. Hivyo viwili vya mwisho hakuviona vikifanya kazi. Alifariki tarehe 1 Januari 1955.