Mamangu alivyoshuka baharini bila kushikwa mkono

Assalam aleikum, habari zenu nyote. Nyinyi wa Mombasa, wa Kilifi na Lamu, na nyinyi wa Dar na Unguja mnaonifuata, karibuni. Leo siko jikoni, niko nje, na huo uvumi mnaousikia ni upepo wa bahari. Feri ile nyeupe yenye ukanda wa kijani yaelekea kisiwa cha Bainbridge. Na yule aliyeketi kwenye benchi, koti juu ya buibui, ni mamangu. Ana wiki ya pili hapa Seattle, Marekani. Magoti yake mwayajua, mliombea sana mwaka jana, Mungu awalipe.

Jana nilimpeleka soko la Pike Place. Soko hili lipo tangu 1907, nalo limekaa juu, bahari iko chini kabisa. Nilipokuja kuishi mji huu, kutoka sokoni kushuka majini ilikuwa shughuli. Ngazi kwanza, ndefu. Ukimaliza ngazi wapokewa na barabara ya ghorofa mbili, magari juu na magari chini yake, imepita mbele ya bahari kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Chini ya zile nguzo kulikuwa na giza na kelele, hata mwenzio humsikii. Barabara hiyo ilifunguliwa 1953. Fikirieni, miaka zaidi ya sitini mji umeipa bahari mgongo.

Kilichowaamsha ni tetemeko la Februari 2001. Lilikuwa la kipimo cha 6.8, barabara ikapata nyufa, wahandisi wakasema likija jingine itaanguka na watu. Wakabishana miaka na miaka: ijengwe upya au iende chini ya ardhi? Mwisho wakachimba handaki la kama kilomita tatu. Mashine ya kuchimba nayo ikakwama ardhini karibu miaka miwili, watu wakakata tamaa. Lakini Januari 2019 ile barabara ya ghorofa ikafungwa, Februari magari yakaingia handakini, na kabla ya mwaka kwisha nguzo zote zikawa zimebomolewa. Nakumbuka nilisimama hapa hapa nikaona mbingu. Nililia, wallahi.

Sasa njooni niwaonyeshe kitu. Nageuza kamera chini. Mwaona hivi vigae vya kioo hapa tunapokanyaga? Si mapambo. Chini yetu ni maji. Watoto wa samaki aina ya samoni hupita kandokando ya ufuo wakielekea bahari kuu, na wanaogopa giza. Wakifika penye kivuli kizito wanazunguka kwenye maji ya kina, wanaliwa. Kwa hiyo njia ya watu ikawekewa kioo ili mwanga ushuke na vitoto vya samaki vipite. Mtu aliyefikiria hivyo amenifurahisha kuliko majengo yote haya marefu.

Na ukuta wa bahari ulio chini yake ni mpya. Ule wa zamani, uliokamilika 1934, ulishikiliwa na mbao, na mbao zikaliwa na wadudu wa baharini. Nyinyi wa pwani hili si geni kwenu, ndiyo maana mafundi wetu huchoma tumbo la mashua kwa makuti. Mwaka 2012 wenyeji walipiga kura kukubali mji ukope dola milioni 290 za kuujenga upya. Kwa bustani na njia hizi, wenye majengo ya karibu walitozwa jumla ya dola milioni 160, kwa hoja kwamba bahari ikifunguka thamani ya mali yao inapanda. Wengine walikwenda mahakamani. Mimi naona ni haki. Mwenye hoteli ufuoni anakula kwa sababu ya ufuo, basi achangie njia ya yule anayekuja kuutazama bure.

Turudi kwa mamangu. Jana pale sokoni alipoiona bahari kwa mbali alikaza leso kiunoni, akapiga bismillahi, akaniuliza, "Ngazi ni ngapi?" Nikamwambia twende tu. Tangu Oktoba 2024 kuna daraja pana linalotoka sokoni, linapita juu ya magari, lina miti na mahali pa kukaa. Wanaliita Overlook Walk. Alitembea polepole, akapumzika mara mbili, tukaingia lifti, mlango ukafunguka tuko chini. Akageuka kutazama kule juu alikotoka. Hakusema kitu. Alinifinya mkono tu.

Mimi nilimkumbuka marehemu baba. Idi yake ya mwisho, baada ya kiharusi, alitaka kuona maji tu, basi. Kule kwetu tulishuka matatu, na kutoka stegini hadi baharini hapakuwa na njia ya kutembea. Mtaro upande huu, magari yameegeshwa upande ule, ukingo wa barabara umeinuka hadi gotini. Ndugu zangu walimbeba. Mzee mzima, na kanzu yake ya Idi, abebwe kama mtoto mbele za watu. Alificha uso.

Hapa pia si peponi. Karibu na kituo cha feri barabara ni pana mno, mzee akianza kuvuka taa inamwahi. Lakini somo nimelipata: bahari ya watu haianzi kwenye maji, inaanzia pale unaposhuka gari.

Seattle na Mombasa ni miji dada tangu 1981, wengi hawajui. Na mwaka ule ule wa 2019 walipobomoa hapa, kwetu Mombasa bustani ya ufuoni ya Mama Ngina ilikuwa imetengenezwa upya, sikukuu ya taifa ya Mashujaa Dei ikafanyiwa pale. Mimi naipenda Mama Ngina. Ile mibuyu, meli zikiingia Kilindini karibu hata unaona mabaharia, mihogo ya kukaanga na ndimu na pilipili. Hapa hawana hilo, na sitaki tuige vioo vyao. Nataka tujue mama anayetoka Likoni kwa feri anafikaje pale kwa miguu.

Kwa hiyo nina ombi, na naliomba kwa moyo wangu wote. Jumapili hii mchukue mzazi, au jirani mwenye mkongojo, au mwenye mtoto kwenye kigari. Anzeni pale feri inaposhusha watu, mwende hadi Mama Ngina kwa mwendo wake yeye, si wenu. Kila anapolazimika kuingia barabarani, piga picha. Kila anapotafuta pa kuketi akakosa, piga picha. Choo kiko wapi, kiko wazi? Nitumieni. Nitaziunga zote ziwe video moja, na jina la kila mahali nitaliandika.

Ngojeni, mamangu ananiita. Anataka tuvuke tena, anasema jana hakuviona vile vioo vya samaki.