Namna ya Kuwatafiti Wasomaji wa Jarida Lako, Hatua kwa Hatua

Karibu mtazamaji. Leo tunafanya utafiti wa wasomaji wa jarida, na mfano wetu ni jarida la kila mwezi linalouzwa hapa Mombasa. Vifaa viko mezani: nakala mbili za toleo lililopita, karatasi, kalamu, na simu yenye KoboCollect. Hii ni programu ya bure ya kujazia dodoso, yaani fomu ya maswali, hata pasipo na mtandao, kisha unatuma majibu ukifika penye intaneti. Ukipenda karatasi, sawa, lakini kuna mtu atakayeketi kuziingiza kwenye kompyuta moja baada ya nyingine.

Hatua ya kwanza, chukua karatasi tupu uandike uamuzi unaotaka kufanya. Mathalani: tuongeze kurasa za mapishi, au tuzipunguze tuweke za biashara? Tushushe bei, au tupunguze kurasa? Uamuzi mmoja au miwili inatosha. Kila swali utakalotunga baadaye lipitie hapa. Kama jibu lake haliwezi kubadilisha uamuzi wowote, lifute, hata likiwa tamu namna gani. Dodoso nyingi hufika maswali 40 kwa sababu kila mtu ofisini alitaka kuchomeka lake, na mhojiwa huchoka akaanza kujibu ilimradi.

Hatua ya pili, hesabu kilichopo. Waulize wauza magazeti wako, wa Mwembe Tayari, wa karibu na feri, popote ulipo na kibanda, walichukua nakala ngapi na ngapi zilirudi. Fanya hivyo kwa matoleo sita yaliyopita, kibanda kwa kibanda. Hizo ni nakala zilizouzwa, wala hazikwambii wangapi wamesoma. Nakala moja ikiwekwa kwa kinyozi au saluni, hupita mikono mingi kwa mwezi. Mnunuzi na msomaji ni watu wawili tofauti: anayenunua anakuhusu ukipanga bei, anayesoma anamhusu mwenye tangazo. Waulize wote, lakini usiwachanganye kwenye jedwali moja.

Hatua ya tatu ni sampuli, yaani watu wachache utakaowahoji kwa niaba ya wote, na hapa tukae kidogo. Ukichagua watu kwa bahati nasibu, watu 100 watakupa kosa la takriban asilimia 10, yaani jibu lako linaweza kuwa juu au chini ya ukweli kwa kiasi hicho. Watu 400, asilimia 5. Watu 1,000, asilimia 3. Angalia hapo: ili kupunguza kosa kwa nusu, unahitaji watu mara nne. Kwa jarida dogo, 400 ni wengi wa kutosha. Ukitaka kulinganisha wanawake na wanaume, basi kila upande uwe na watu wasiopungua 100.

Hesabu hiyo haifanyi kazi kwa watu waliojileta wenyewe. Ukitupa dodoso kwenye grupu la WhatsApp la mashabiki wako, hata wakijibu 2,000, umewapima mashabiki tu.

Kaunti ya Mombasa ina maeneo sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Jomvu na Changamwe. Gawa mahojiano kwa yote sita, kisha chagua vituo vinavyotofautiana: Soko la Kongowea, Marikiti, stendi ya matatu, mtaa wa makazi jioni. Kituoni, mhojaji asimame sehemu moja na amsimamishe kila mtu wa saba anayepita, awe amenuna au anacheka. Asipopewa kanuni hii atachagua vijana wa rika lake wenye sura za upole, na utafiti wako utasema jarida linasomwa na vijana wapole. Anayekataa naye aandikwe: jinsia, umri wa kukadiria, saa. Wakikataa wengi kwenye kituo kimoja, badilisha saa kabla hujabadilisha kituo.

Feri ya Likoni inavutia kwa sababu watu wapo wengi na wanangoja. Tatizo ni kwamba lango likifunguliwa mhojiwa anaondoka na swali la tano mdomoni, unabaki na fomu nusu. Pale tumia dodoso fupi la maswali manne. Na usiishie feri pekee, maana utapata wa ng'ambo ya kusini wanaovuka kwenda kazini, asiyevuka humwoni.

Hatua ya nne, maswali. Tazama hili kwenye skrini: "Je, unapenda makala zetu nzuri za afya na mapishi?" Lina makosa mawili. Limeshamwambia mhojiwa kwamba makala ni nzuri, na limeuliza mambo mawili kwa jibu moja. Nalo hili: "Kwa kawaida husoma jarida mara ngapi?" Hakuna mtu anayejihesabu hivyo, atakupa jibu la heshima. Uliza: "Mara ya mwisho kushika jarida lolote ilikuwa lini? Ulilipata wapi?"

Sasa toa nakala ya toleo lililopita umpe mkononi. Fungueni pamoja, ukurasa kwa ukurasa, na kila makala uliza: hii uliisoma yote, uliisoma kidogo, uliitazama tu, au hukuiona? Weka alama hapo hapo. Inachukua dakika kumi hivi, kwa hivyo ifanyie nyumbani au dukani. Mtu akiulizwa kwa mdomo atasema anasoma siasa na uchumi, kwa kuwa ndivyo msomi anavyotarajiwa kusema. Akiwa na kurasa mkononi, utakuta alisimama kwenye mapishi na barua za wasomaji.

Mtego mdogo unaosaidia: chapisha ukurasa mmoja ambao haukuwahi kutoka, uuchomeke katikati ya nakala. Tuseme makala halisi imepata wasomaji 60 kwa kila 100, na ule wa bandia nao umepata 15. Hao 15 wanakuonyesha ukubwa wa majibu ya kumfurahisha mhojaji tu. Makala halisi iliyopata 18 usiihesabu kuwa imesomwa.

Jaribu dodoso kwa watu 10 kwanza. Pale wanapouliza "unamaanisha nini?" swali lina kasoro, libadilishe.

Wahojaji wafundishwe siku nzima. Salamu kwanza: "Shikamoo mama, samahani kidogo" kwa mkubwa, "Hujambo kaka" kwa wa rika. Aseme anatoka wapi, mahojiano ni dakika ngapi, na kwamba anaweza kukataa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inadai ridhaa, na kwa aliye chini ya miaka 18 ridhaa ya mzazi au mlezi. Namba ya simu usiichukue kama huna kazi nayo. Majumbani, wanawake wahojiwe na mhojaji mwanamke. Ijumaa adhuhuri pumzikeni.

Takwimu zitakwambia "nini", ila "kwa nini" utaipata kwenye vikundi vya majadiliano. Watu sita hadi wanane, dakika 90, wanawake peke yao na wanaume peke yao, vijana wasichanganywe na wazee wao, maana mzee akishasema, kijana ataitikia. Mhariri asiongoze kikao, ataanza kujitetea. Nauli iwe sawa kwa wote na itajwe mapema. Kikundi kipya kisipoleta jambo jipya, acha.

Kwenye majumuisho, usiandike asilimia kwa kundi la watu 12. Andika "saba kati ya 12". Ukirudia utafiti mwakani, tumia maswali yale yale, vituo vile vile, na uangalie kalenda: Ramadhani husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka, na jioni za mwezi huo watu hawasomi wala kununua kama kawaida. Mwezi uliokuwa nje ya mfungo mwaka huu unaweza kuwa ndani ya mfungo ujao.