Tusiifunge Aya kwa Nadharia

Asalaam aleikum, wazee wangu na ndugu zangu. Na jirani zetu Wakristo mliokuja, karibuni sana. Haya yanawahusu nanyi.

Katika Sura Yunus, aya ya 5, Mwenyezi Mungu anatwambia kuwa mwezi umewekewa vituo ili tujue hesabu ya miaka. Mvuvi wa hapa Mombasa anaijua hesabu hiyo: mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, hufuata bamvua, maji yakajaa na kupwa sana; ukiwa nusu, hufuata maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Sayansi huongeza sababu. Katika mwandamo na mwezi mpevu, jua, mwezi na dunia hukaa mstari mmoja, na mivuto ya jua na mwezi ikajumlika. Ndipo maji ya Kilindini yakapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Je, aya imetaja mvuto? Haikutaja, wala haikupungukiwa na kitu. Imetuamsha tutazame. Kupima tumeachiwa sisi.

Ninachokihofia ni huu mtindo wa kuukimbilia msahafu kila ugunduzi utokapo, tukautafutia aya ya kuushuhudia. Georges Lemaître alikuwa padri wa Ubelgiji na mwanafizikia. Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kuwa ulimwengu unatanuka, na 1931 akasema ulianza kama chembe moja. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 akaihusisha nadharia ya namna hiyo na uumbaji. Mngedhani padri alifurahi, la, hakupendezwa. Alishikilia kuwa nadharia yake iko nje ya maswali ya dini. Na ushahidi mzito wa nadharia hiyo, ile mionzi hafifu itokayo pande zote za anga, ulitangazwa mwaka 1965 tu. Ungekwenda kinyume, wale waliofundishwa kuwa nadharia ndiyo aya wangeshika nini?

Ibn al-Haytham, mwanasayansi wa kale mzaliwa wa Basra, alimheshimu Ptolemy, mtaalamu wa nyota aliyemtangulia, na bado akaandika kitabu kizima cha kumhoji. Alihoji maandishi ya binadamu. Mimi nikifungua msahafu, ninachokihoji ni ufahamu wangu, ambao nao ni wa binadamu.

Kwa hiyo, walimu wa madrasa, nawaombeni: mtoto akiuliza aya fulani inasema nini juu ya nyota, msimkemee, wala msimpe jibu la haraka. Nyota akazisome kwa wanaozipima, aya aisome kwa wanaoijua lugha na tafsiri yake. Kisha arudi, aulize tena.