Kipindi: "-ed" Ni Moja, Sauti Ni Tatu

ZAITUNI: Karibuni wasikilizaji wetu wa Kampala, Jinja, Arua, na nyinyi wa mpakani Busia na Malaba. Mimi ni Zaituni, na Mwalimu Opio ameshakaa. Leo ni wakati uliopita wa Kiingereza, vitenzi vya kawaida tu. "Go" na "went" ni za siku nyingine.

OPIO: Asante dada. Hivi vya kawaida watu huvidharau. Mwanafunzi anakariri orodha ndefu ya vile vikaidi, kumbe vitenzi vingi vya Kiingereza vinafuata njia moja: ongeza "-ed". Hata kitenzi kipya kikizaliwa kinaingia humo humo. "Email" imekuwa "emailed", hakuna aliyeuliza.

ZAITUNI: Na nafsi?

OPIO: Haihusiki. "I cooked", "she cooked", "they cooked". Wala haijali ni lini. Luganda kina umbo la jambo la leo na umbo la jambo la zamani. Kiingereza hakina hilo: "cooked" ni ya asubuhi hii, na ni ya 1962 pia. Siku yenyewe utaitaja kwa neno jingine.

ZAITUNI: Tahajia tuipitie haraka, mwalimu, maana nataka tufike kwenye matamshi.

OPIO: Haraka basi. Kitenzi kikiishia "e", weka "d" tu: "live", "lived". Konsonanti ikifuatwa na "y", "y" inageuka: "carry", "carried". Lakini "play" ni "played", kwa sababu kabla ya "y" kuna irabu. "Stop" inarudufu herufi, "stopped". Kwenye maneno marefu angalia mkazo: "admit" ni "admitted", lakini "visit" ni "visited", kwa kuwa mkazo uko mwanzoni. "Travel" ndiyo inayokwenda kinyume: "travelled", "l" mbili, Kiingereza cha Uingereza tunachofuata shuleni. Wamarekani huandika moja.

ZAITUNI: Sasa matamshi. Huku tunasikia sana "kuk-edi", "woch-edi".

OPIO: Na sababu inaeleweka. Silabi za Kiswahili na Luganda huishia kwa irabu, kwa hiyo ulimi unatafuta irabu ya kutulia. Lakini "cooked" ni silabi moja, dada. Moja! "Watched" moja, "washed" moja. Silabi inaongezeka pale tu shina linapoishia na sauti ya "t" au "d": "wanted", "needed". Ukibandika "d" juu ya "d" hakuna atakayeisikia, ndiyo maana irabu inaingia katikati.

ZAITUNI: Na vilivyobaki?

OPIO: Weka vidole kooni. Sema "zzz". Koo linatetemeka, sivyo? Sasa sema "sss".

ZAITUNI: Limetulia.

OPIO: Hiyo ndiyo kanuni yote. Shina likiishia na sauti isiyotetemesha koo, "-ed" inasikika "t": "helped", "cooked", "missed", "washed". Likiishia na inayotetemesha, na irabu zote zimo, inasikika "d": "called", "lived", "played". Fuata sauti, usifuate herufi. "Laugh" ina "gh" kwenye karatasi, lakini mdomoni ni "f", kwa hiyo "laughed" inaishia "t".

ZAITUNI: Na "asked"? Konsonanti tatu zimebanana.

OPIO: Waingereza wengi wenyewe humeza "k", inasikika "aast". Nawe unaweza.

ZAITUNI: Mwalimu, kuna hili la "Did you cooked?" Nalisikia hata kwa watu wazima waliosoma.

OPIO: Hili linaniuma, kwa sababu msemaji wa Kiswahili tayari analo jibu lake. Unasema "nilipika". Ukikanusha?

ZAITUNI: "Sikupika".

OPIO: "-li-" imekwenda wapi? Imeondoka, "-ku-" imechukua kazi yake. Hakuna anayesema "sikulipika" akimaanisha "sikupika". Kiingereza ni vivyo hivyo: "did" ikishabeba wakati uliopita, "-ed" inaondoka. "I cooked", "I didn't cook", "Did you cook?" Tofauti ni kwamba Kiingereza kinafanya hivyo kwenye swali pia, na sisi swali tunaliacha: "Ulipika?" Mwalimu anayefundisha Kiingereza kwa Waswahili angeanzia hapo, siku ya kwanza.

ZAITUNI: La mwisho. Mahakamani mawakili husema "my learned friend", na wanatamka silabi mbili: "lern-id". Wanakosea?

OPIO: Wako sahihi kabisa. Pale si kitenzi, ni sifa. Zamani "-ed" ilitamkwa silabi nzima karibu kila mahali, na sifa chache zimeihifadhi hadi leo: "learned", "naked", "wicked". Ukisema "I learned English in Mbale", silabi ni moja.

ZAITUNI: Wasikilizaji, tutumieni sauti zenu mkitamka haya matano: "fixed", "cleaned", "decided", "danced", "borrowed". Vidole kooni kwanza.