Nguo ni Hiari: Siku Moja Sandy Bay

[Muziki wa kufungulia unafifia]

BAKARI: Karibu tena, msikilizaji. Leo Rehema kaniwekea sharti kabla hatujaanza kurekodi: nisicheke.

REHEMA: Na umeshacheka.

BAKARI: Nimekohoa. Dada, umekwenda kwenye ufukwe wa watu kukaa uchi. Mimi nianzie wapi?

REHEMA: Anzia kwenye jina. Nguo ni hiari. Anayetaka anavua, asiyetaka anashinda na gauni lake mpaka jioni, na hakuna wa kumuuliza. Ingekuwa lazima, nisingekwenda.

BAKARI: Na ni wapi huko?

REHEMA: Sandy Bay, Cape Town, upande wa Atlantiki. Unafika Llandudno, mtaa wa wenye nazo uliobandikwa mlimani, unaacha gari kwenye maegesho ya Sunset Rocks, halafu miguu. Kama dakika ishirini hivi, njia nyembamba, vichaka na mawe makubwa ya matale. Hakuna barabara, hakuna duka, hakuna choo. Maji ya kunywa unabeba, na taka zako unarudi nazo.

BAKARI: Yaani jasho kwanza, uchi baadaye.

REHEMA: Ndivyo fukwe nyingi za aina hii zinavyojilinda. Black's Beach ya San Diego iko chini ya majabali. Ukishuka unaanza kuwaza utapandaje. Wreck Beach ya Vancouver unateremka ngazi kwa mamia katikati ya msitu. Aliyekuja kuchungulia tu, wengi hugeuza njiani.

BAKARI: Wengi, si wote.

REHEMA: Subiri, yule nitamfikia.

BAKARI: Polisi je? Sheria inasemaje?

REHEMA: Hapo ndipo pagumu. Ziko fukwe zenye ruhusa kabisa: Maslin Beach ya Australia Kusini tangu 1975, Brighton ya Uingereza tangu 1980. Sandy Bay haina hadhi hiyo. Ni mazoea ya miaka mingi, watu wanavumiliana. Na mazoea hayana karatasi. San Diego waliruhusu Black's Beach mwaka 1974, mwaka 1977 wapiga kura wakaifuta ruhusa, ila upande wa kaskazini watu waliendelea kuvua mpaka leo. Kwa hiyo wenyeji wanalinda mipaka wao wenyewe. Ukiingia tu kwenye njia ya kurudi, vaa.

BAKARI: Haya, umefika, mchanga huo hapo. Ukavua?

REHEMA: Thubutu! Nilikaa saa nzima nimejifunga kanga kama mwali. Na kanga yenyewe, sikuichagua kwa makusudi, imeandikwa "Macho hayana pazia."

BAKARI: [anacheka] Samahani. Sharti limevunjika.

REHEMA: Cheka tu, hata mimi nilijicheka. Lakini nikawa nawaangalia watu, namna wanavyokaa, si miili yao. Kuna adabu pale, Bakari, kushinda fukwe za watu waliovaa. Kila mtu ana taulo lake na hakai mchangani bila taulo. Hutandiki karibu na mwingine wakati ufukwe mzima uko wazi. Mwanamke aliye peke yake hafuatwi kwa maongezi. Na simu inakaa ndani ya mkoba. Hata ukitaka kupiga picha ya bahari, ukiinyanyua tu, vichwa vinageuka.

BAKARI: Salamu je? Mtu unampa mkono?

REHEMA: Kwa mbali, unapunga. Shida yangu mimi ilikuwa mikono yenyewe. Huna mfuko, hujui uiweke wapi. Mwishowe nikavua, nikajilaza kifudifudi haraka kama mtu aliyeangusha kitu.

BAKARI: Na yule mchunguliaji?

REHEMA: Kichakani, mchana, kajibanza nyuma ya jiwe. Kulikuwa na bibi mmoja, miaka sabini hivi, anajaza chemsha bongo ya gazeti. Akaweka kalamu chini, akanyanyuka vilevile alivyo, akaenda mpaka pale kichakani, akamsalimia kwa sauti kubwa: habari za mchana, umepotea? Yule bwana aliondoka hakujibu. Bibi akarudi kwenye gazeti lake.

BAKARI: Huyo ningemwomba awe mlinzi wa kipindi.

REHEMA: Hiyo ndiyo sehemu niliyoipenda. Sehemu nisiyoipenda ni maji. Ukiyaona, ya kijani, safi, unadhani yanakuita. Majira yao ya joto upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa nguvu, unasukuma maji ya juu yaende bahari kuu, halafu ya chini yanapanda kuziba nafasi. Ya chini ni barafu! Ndiyo maana siku ya jua kali unaweza kukuta bahari ina nyuzi kumi na mbili.

BAKARI: Ukaingia?

REHEMA: Mpaka magotini, kisha nikapiga kelele nikaingia yote. Na upepo huohuo unabeba mchanga, unakuchapa mahali ambapo hujawahi kuchapwa tangu uzaliwe. Halafu krimu ya jua: usipake kwa mazoea, mikono na uso basi. Ngozi ambayo haijawahi kuona jua inaungua upesi. Siku mbili nilikula nimesimama.

BAKARI: Kwa anayefikiria kwenda, unamwambia nini?

REHEMA: Asiende peke yake. Njia za milimani za Cape Town zina visa vya uporaji, na ile njia imejificha. Vya thamani viache ulikofikia.

BAKARI: Sasa ngoja, hili limenikaa kichwani tangu mwanzo. Gari uliacha juu. Mfuko huna. Ufunguo?

REHEMA: Niliufunga kwenye pindo la kanga.

BAKARI: Kama bibi zetu na hela zao. Vizuri.

REHEMA: Vizuri wapi! Nimo majini, upepo ukaibeba kanga.

BAKARI: Na ufunguo?!

REHEMA: Na ufunguo. Nikapiga ukelele kwa Kiswahili, hakuna anayeelewa, lakini walielewa. Watu watano sita, hakuna mwenye hata kofia, wanaikimbiza kanga ufukweni.

BAKARI: Nani akaidaka?

REHEMA: Yule bibi. Aliikanyaga kwa mguu mmoja. Hata gazeti hakuliweka chini.