Jinsi ya kukagua bastola ya magnum inayotumia risasi za kujijazia ili idumu

Karibuni tena mezani kwangu, ndugu zangu. Juu ya kitambaa hiki kuna Smith & Wesson Model 19, bastola ya silinda ya matundu sita, mtutu wa inchi nne, kaliba ya .357 Magnum. Niliinunua ikiwa imeshatumika, hapahapa Marekani, na tangu iingie mikononi mwangu haijapigwa risasi ya dukani hata moja. Zote nimezijaza mimi mwenyewe: ganda, fataki, baruti na kichwa cha risasi. Wengi mmeniuliza kama bastola ya namna hii itastahimili. Nitawaonyesha ninavyoikagua, na nitawaonyesha kwamba uhai wake unaamuliwa zaidi kwenye meza ya kujazia kuliko kwenye uwanja wa shabaha.

Kwanza, usalama. Nafungua silinda. Tundu la kwanza tupu, la pili, la tatu… yote sita nimeyatazama kwa macho na kuyagusa kwa kidole. Risasi ziko chumba kingine kabisa. Fanya hivyo hata kama uliikagua dakika tano zilizopita. Na wewe unayetazama ukiwa Kenya au Tanzania, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Ukaguzi wa bastola yako unayoimiliki kihalali utakufaa, lakini sehemu ya kujaza itazame kwa kujifunza tu.

Kabla hatujapima chochote, ijueni historia ya chuma hiki, maana inaeleza karibu kila kitu. Model 19 ilitoka mwaka 1955 kwa jina la Combat Magnum. Bill Jordan, afisa wa doria ya mpaka wa Marekani, ndiye aliyeisukuma kampuni iitengeneze: bastola nyepesi ya kushinda nayo kiunoni kutwa, lakini yenye nguvu ya .357. Matumizi yalikuwa hivi: mazoezi mengi kwa risasi za .38 Special, zile dhaifu zaidi zinazoingia kwenye bastola hiyohiyo, na magnum chache za kazini. Miaka ya 1970 vituo vingi vya polisi vikaanza kufanya mazoezi kwa magnum zilezile za kazini, na risasi iliyopendwa ilikuwa nyepesi, ya greni 125 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), yenye kasi kubwa. Mitutu ikaanza kupasuka. Kampuni ikajibu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kutoa bastola za fremu, yaani mwili, nene kidogo: Model 586 na 686. Kwa hiyo askari wale walishatufanyia jaribio, tena la gharama. Mimi sioni sababu ya kulirudia.

Hatua ya kwanza ni palepale walipopasukia. Nasogeza kamera. Huu ni mdomo wa nyuma wa mtutu, sehemu inayoingia ndani ya fremu na kuipokea risasi inaporuka kutoka kwenye silinda. Naiita koo la mtutu. Tazameni upande wa chini: duara limechongwa likawa bapa ili mkono wa silinda, ule unaoibeba silinda inapofunguliwa, upate nafasi ya kujifunga. Hapo chuma ni chembamba kuliko pengine pote, na ufa huanzia hapo. Risasi ya greni 125 ni fupi. Kitako chake kinatoka kwenye ganda mapema, na gesi ya moto pamoja na chembe za baruti ambazo hazijaungua zinapita pembeni yake na kulichapa koo. Ya greni 158 ni ndefu zaidi, inaziba njia vizuri zaidi. Ndiyo maana bastola hii haipati greni 125 kutoka kwangu. Mwenye fremu ya L, yaani ile nene ya 586 na 686, au bastola ya Ruger GP100, ana nafasi pana zaidi ya kuchagua. Mimi sina, na nimeridhika.

Sasa, usitafute ufa kwenye uchafu. Mabaki ya madini ya risasi na masizi yanaufunika kabisa. Nachukua brashi ya shaba, nafunga juu yake nyuzi chache za pedi ya shaba halisi ya kusugulia sufuria, nasugua. Hakikisha ni shaba kweli: ipitishe kwenye sumaku, ikishika iache, hiyo ni chuma iliyopakwa rangi. Baada ya hapo, tochi na kioo cha kukuzia. Mistari midogo kama ngozi ya mamba ni mmomonyoko wa kawaida wa joto. Mstari mmoja unaokwenda moja kwa moja kutoka ukingoni kuelekea mbele ndio wa kuogopa. Ukiuona, usipige tena hata risasi moja ya kuaga. Mpelekee fundi wa silaha.

Hatua ya pili, nafasi kati ya silinda na mtutu. Hapa tunahitaji fila, vile vipande vyembamba ambavyo fundi gari anapimia valvu. Nafunga silinda, naisukuma nyuma kwa kidole, naingiza kipande kimojakimoja mpaka nipate kinachopita kwa kubana kidogo. Leo nimepata milimita 0.18. Kisha naisukuma silinda mbele, napima tena: 0.13. Tofauti ya vipimo hivyo viwili, milimita 0.05, ndiyo plei ya silinda, yaani inavyocheza mbele na nyuma.

Nafasi yenyewe, kuanzia 0.10 hadi 0.25, mimi silalamiki. Ikifika 0.30 gesi inayovuja ni nyingi na risasi inapoteza mwendo. Lakini ninayoilinda kwa wivu ni plei. Kila mlio unaipiga silinda kama nyundo, mbele na nyuma. Plei ikiwa ndogo, pigo ni dogo. Ikikua, silinda inapata mbio kabla ya kugonga, pigo linakuwa kubwa, na plei inazidi kukua. Ikipita 0.08 hivi, fundi anaweza kuweka shimu, yaani pete nyembamba ya chuma, kwenye mkono wa silinda na bastola ikarudi sawa. Ni kazi ndogo ikifanywa mapema.

Hatua ya tatu, kujifunga kwa silinda. Naweka kidole kikandamize silinda kidogo tu, kisha navuta nyundo ya bastola polepole, polepole sana. Nataka kusikia silinda ikijifunga kabla nyundo haijafika mwisho. Narudia kwa matundu yote sita, kwa sababu meno ya nyuma ya silinda hayachakai sawa. Tundu moja likichelewa, risasi inaweza kuingia kooni upande upande na kunyolewa madini yake. Ukiwahi kupiga ukahisi chembe zinamchoma mtu aliyesimama pembeni, anzia ukaguzi hapa. Na tafadhali, usifunge silinda kwa kuikung'uta kwa mkono mmoja kama kwenye sinema. Mkono wa silinda unapinda.

Juu ya pengo kati ya silinda na mtutu, kwenye fremu, mtaona mfereji mwembamba uliochimbwa na gesi. Watu hushtuka sana kuuona. Kwa kawaida unachimbika mwanzoni, kisha unasimama. Napiga picha, nalinganisha na ya mwaka jana, naendelea.

Sasa tugeukie meza ya kujazia. Kiwango cha juu cha shinikizo la .357 Magnum kilichowekwa na SAAMI, chombo cha watengenezaji silaha na risasi wa Marekani, ni pauni 35,000 kwa inchi ya mraba. Cha .38 Special ni 17,000. Hata nusu haifiki. Katikati ya namba hizo mbili kuna uwanja mpana, na mjazaji ndiye anayechagua asimame wapi. Hiyo ndiyo heri yetu. Anayenunua dukani hupata alichoamua kiwanda.

Mimi nafuata kitabu cha mtengenezaji wa baruti, naanza kiwango cha chini, napanda taratibu, na ninasimama shabaha ikitulia. Sipandi ili kusikia kishindo. Na kuna baruti ambazo hazishuki pia: H110 ni mfano, mtengenezaji wake anaonya usipunguze chini ya alivyoandika. Kwa hiyo ukitaka risasi ya wastani chagua baruti nyingine, usipunguze hiyo.

Usitegemee fataki, kile kikombe kidogo kwenye kitako cha ganda, ikuambie shinikizo. Kuna magnum salama zinazolaza fataki bapa, na kuna zilizozidi ambazo hazionyeshi kitu. Ganda likikataa kutoka, ukalazimika kupiga fimbo ya kutolea kwa kiganja, hapo ujue umeshapita mahali pa kusimama. Vunja zilizobaki, usizimalizie. Kifaa cha kupima mwendo wa risasi husaidia zaidi: mwendo ukizidi ule wa kitabuni, shinikizo nalo limezidi.

Kabla ya kuweka vichwa vya risasi, naweka maganda yote kwenye ubao na kumulika kila moja kwa tochi. Ganda lenye baruti maradufu linaweza kupasua silinda. Ganda lisilo na baruti ni hatari vilevile: fataki peke yake inatosha kukisukuma kichwa cha risasi kikakwama ndani ya mtutu, na ya pili ikifuata, mtutu unavimba. Mlio ukisikika mdogo, simama, toa risasi zote, tazama ndani ya mtutu.

Kukaza mdomo wa ganda ili ushike kichwa cha risasi nilikudharau zamani. Siku moja uwanjani silinda ilikataa kuzunguka, na nilipochunguza nikaona kichwa cha risasi ya sita kimevutwa mbele na mtikisiko wa zile tano, kikachungulia nje ya silinda. Tangu hapo, kila mchanganyiko mpya unapimwa hivi: napima urefu wa risasi moja kwa kalipa, kifaa cha kupimia urefu, naitia alama, napiga tano nyingine, naipima tena. Ikiongezeka urefu, narudi kwenye dai, kile kifaa cha kukazia mdomo wa ganda.

Jambo la mwisho. Ganda la .38 Special ni fupi kwa milimita 3 na ushee, kwa hiyo mazoezi yake yanaacha pete ya masizi ndani ya kila tundu. Magnum ikiingia juu ya pete hiyo inabanwa mdomoni, haifunguki vizuri. Sugua matundu kabla ya kubadilisha.

Nafunga silinda kwa mikono miwili, hivi. Na kwenye daftari naandika tarehe, idadi ya risasi tangu ukaguzi uliopita, nafasi 0.13 mbele, 0.18 nyuma, plei 0.05. Mwaka jana plei ilikuwa hiyohiyo.