Ashiki na Mshipa wa Mkono

Mmecheka iliposomwa mada yetu ya leo, ugonjwa wa mapenzi. Chekeni tu, ila aliyewahi kukesha na simu mkononi akiangalia kama ujumbe wake umesomwa, namwona amecheka kidogo.

Tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, hakuuchekea ugonjwa huu. Katika Qanun, kitabu chake cha tiba, aliuita ishq, ndiyo ashiki yetu sisi, akauweka pamoja na maradhi ya kichwa. Macho huingia ndani, yakawa makavu ila mtu anapolia. Mgonjwa akificha jina la anayempenda, tabibu amshike mshipa wa mkono huku akitaja majina, moja baada ya jingine. Mapigo yakiruka penye jina lilelile kila linapotajwa, basi amepatikana. Na dawa bora, kwa maoni yake, ni kuwakutanisha wawili hao, dini na sheria zikiruhusu.

Haya, na aliyekataliwa je? Huyo ndiye mgonjwa wangu leo.

Mwaka 2010, mtafiti Helen Fisher na wenzake Marekani walipiga picha za ubongo za watu 15 walioachwa na bado wanapenda. Walipoonyeshwa sura ya aliyewaacha, ziliamka sehemu zinazohusika pia na kiu ya kokeini. Kwa hiyo usimwambie mtu "msahau tu". Ana arosto huyo.

Na arosto hii hulishwa na tumaini. Kukataliwa waziwazi kunauma, lakini kidonda hukauka. Salamu moja kila baada ya wiki mbili, "umepotea sana", hiyo ndiyo inayokondesha watu, maana hujui nyingine itakuja lini, basi unangoja. Uliza waziwazi, upate jibu. Ukishalipata, ondoa picha, acha kupekua kurasa zake, na usijilazimishe kumchukia. Anayechukia naye anawaza mchana kutwa. Utateleza siku moja umwandikie usiku. Kesho yake anza tena.

Ila ukiona huli, hulali, au umeanza kuwaza kufa, hapo nenda hospitali siku hiyohiyo, usiende peke yako.

Kijana wa nyuma ameuliza kama wanaweza kubaki marafiki. Mwanangu, akikupigia leo jioni kukueleza kwa furaha kwamba amepata mchumba, utalala? Ukilala, bakini.